Kilimia ni ndugu wa tumbo moja

Umeuliza kama nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja au zimekutana tu njiani. Ni ndugu kabisa: zilitoka kwenye wingu moja la gesi na vumbi lililosinyaa kwa mvutano wake lenyewe, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kwa macho utahesabu sita au saba, lakini zimo zaidi ya 1,000.

Ukitaka kuona leba yenyewe, elekeza darubini kwenye Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Katikati kuna nyota nne zilizobanana, na iliyo kubwa kuliko zote ndiyo mkorofi: mionzi yake ya urujuanimno na upepo wake wa chembechembe vinaifukuza gesi. Tatizo ni kwamba gesi hiyo ndiyo ilikuwa inasaidia kulishikilia kundi. Ikiondoka, makundi mengi husambaratika ndani ya miaka milioni chache tu. Kilimia kilinusurika, ingawa nacho kinapoteza nyota mojamoja.

Halafu lile vumbi la buluu kwenye picha zake wengi hudhani ni mabaki ya uzazi. Wapi! Ni wingu jingine ambalo Kilimia kinalipitia tu.