Falsafa ya Kirusi, ya Urusi au ya Kisovieti?

Swali: Natafsiri makala kuhusu wanafalsafa wa Urusi wakati wa utawala wa Wakomunisti. Niandike falsafa ya Kirusi, ya Urusi au ya Kisovieti? Mhariri wangu anasema zote ni sawa. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Si sawa, ndugu msomaji, na katika mada hii kuzichanganya ni kuwadhulumu watu walioteswa kwa sababu ya tofauti hiyohiyo.

Kiambishi ki- hutaja lugha, au namna na mila za watu fulani. Falsafa ya Kirusi, basi, ni fikra za lugha na mapokeo ya Warusi, popote zilipoandikwa. Falsafa ya Urusi inataja nchi. Kisovieti hakitaji lugha wala kabila: kwa Kirusi sovieti ni baraza, na neno hilo likageuka jina la mfumo wa utawala. Sisi tumezoea kusema "Urusi" kwa yote hayo, ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Mchukue mwanafalsafa Nikolai Berdyaev. Septemba 1922 alipakiwa melini Petrograd (leo St. Petersburg), yeye na Semyon Frank na wasomi wengine, wakapelekwa Stettin, Ujerumani. Novemba meli nyingine ikamchukua Nikolai Lossky. Lenin mwenyewe ndiye aliyetaka wafukuzwe. Berdyaev alihamia karibu na Paris, akaendelea kuandika kwa Kirusi hadi alipofariki mwaka 1948. Falsafa yake ni ya Kirusi. Ukiiita ya Kisovieti unampa jina la waliomfukuza. Wala usiandike kwamba alifukuzwa kutoka Umoja wa Kisovieti. Umoja huo uliundwa tarehe 30 Desemba 1922, meli zote mbili zikiwa zimeshaondoka. Andika "Urusi ya Kisovieti".

Merab Mamardashvili ni kesi ngumu zaidi. Alizaliwa Gori, Georgia, mwaka 1930, akasoma na kufundisha Moscow, na sehemu kubwa ya mihadhara yake aliitoa kwa Kirusi. Lakini alikuwa Mjojia, yaani wa kabila la Georgia. "Mwanafalsafa Mrusi" inampokonya kabila lake, na "mwanafalsafa wa Kisovieti" inaweza kueleweka kuwa alikuwa msemaji wa chama cha Kikomunisti, jambo ambalo hakuwa. Mimi ningeandika "mwanafalsafa wa enzi ya Kisovieti". Neno hilo enzi lina kazi kubwa: linataja wakati bila kumbebesha mtu itikadi. Litumie pia kwa wanafalsafa Gustav Shpet na Pavel Florensky, waliobaki nchini na wote wawili wakapigwa risasi mwaka 1937.

"Falsafa ya Kisovieti" iache kwa mafundisho rasmi ya Umaksi-Ulenin, yale ambayo Stalin aliyafupisha mwaka 1938 katika kitabu cha historia ya chama, yakawa ndiyo kipimo cha kila mwalimu wa falsafa.

Kwa kichwa cha makala yako, kama inawagusa wote hawa, napendekeza: "Falsafa ya Kirusi katika Enzi ya Kisovieti". Kinamchukua Berdyaev kwa lugha na kwa mapokeo, na Mamardashvili kwa lugha tu. Kwa hiyo aya inayomhusu iseme mapema kwamba ni Mjojia.