Mfundishe mwanao kabla hajasimamishwa na polisi wa Marekani

Wazazi wengi tuliofika Marekani na Kiswahili chetu, kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, tunawaambia watoto kwamba ubaguzi ni mambo ya Wamarekani weusi, sisi hayatuhusu. Polisi haulizi umetoka wapi. Patrick Lyoya, Mkongo wa miaka 26, alipigwa risasi na polisi mjini Grand Rapids, Michigan, tarehe 4 Aprili 2022, katika tukio lililoanza na namba za gari. Wamarekani weusi wana kikao cha nyumbani ambacho wazazi wengi hukaa na watoto wao kuwaeleza ubaguzi huu na jinsi ya kujilinda. Tukijifunze kwao.

Kianze mtoto akifika miaka 10, msingoje leseni ya udereva. Mvulana mweusi wa umri huo huanza kuonekana mkubwa kuliko alivyo. Tamir Rice alikuwa na miaka 12 alipouawa Cleveland mwaka 2014, akiwa na bastola ya kuchezea. Kwa hiyo bastola za plastiki zisitoke nje ya nyumba, hata za maji. Dukani asifungue soda kabla ya kulipa, na risiti aishike mkononi mpaka atoke.

Gari ndilo linalohitaji mazoezi mengi. Kwetu trafiki akikusimamisha, mara nyingi unashuka kwenda kumsalimu na kujieleza, na hiyo ni adabu. Marekani, kushuka bila kuambiwa huchukuliwa kama kutaka shari. Mfundishe hivi: asogee pembeni, azime injini, ashushe kioo, awashe taa ya ndani ikiwa ni usiku, kisha mikono miwili juu ya usukani, vidole wazi. Leseni, kadi ya gari na bima zikae mahali pa wazi tangu safari inaanza, kwa sababu hatari kubwa ni mkono unaopotea ghafla chini ya kiti au ndani ya droo. Kabla ya kuchukua chochote aseme kilipo na aombe ruhusa, kisha asogeze mkono polepole. Akiamriwa kushuka, ashuke. Sheria inampa polisi uwezo huo. Akiombwa kupekuliwa anaweza kusema kwa upole kwamba hakubali, lakini asizuie kwa mikono. Asikimbie kamwe. Malalamiko yatapelekwa kesho yake, na mzazi.

Fanyeni haya ndani ya gari lililoegeshwa, mzazi awe polisi na apandishe sauti. Mtoto aliyeelezwa tu kwa mdomo husahau yote mara taa za buluu zinapowaka.

Kituoni, aseme maneno mawili: nanyamaza, nataka wakili. Kumwita mama peke yake hakutoshi. Katika majimbo mengi polisi wanaweza kumhoji mtoto bila mzazi kuwepo, na ni ombi la wakili linalowalazimu kusitisha maswali.

Shuleni kosa letu ni kudhani mwalimu hakosei. Pia heshima yetu ya kuinamisha macho mbele ya mkubwa husomwa kule kama kuficha kosa, basi mtoto ajue kumtazama mwalimu usoni. Akisimamishwa masomo, hata kwa siku chache, ana haki ya kuambiwa kosa na kujieleza. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1975. Ombeni kumbukumbu zake kwa maandishi: shule ina siku 45 za kuwaonyesha. Na dai mkalimani, ni haki yako. Usikubali mtoto akutafsirie kesi yake mwenyewe.

Baada ya mazoezi ya gari msikimbilie kulala. Kaeni naye, kwa sababu atauliza, wengine baada ya siku mbili: kwani mimi nimekosa nini? Mjibu papo hapo, kwa Kiswahili, ukimwita kwa jina la babu yake: hujakosa kitu.