Babu Aliyeuza Watu: Je, Tumlaumu?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Tulipokuwa tukigawa mirathi hapa Magomeni, Dar es Salaam, tulikuta kashani karatasi ya babu mzaa babu yetu, aliyekuwa mfanyabiashara Bagamoyo. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu: pembe mbili za ndovu, na watu sita pamoja na bei zao. Wajomba wanasema tusimlaumu, ulikuwa wakati wake, na karatasi ichomwe. Je, ana dhambi? Nimwombee?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Firauni alimuuliza Nabii Musa habari za vizazi vilivyotangulia, naye akajibu kwamba ujuzi wao uko kwa Mola wake, katika Kitabu, na Mola wake hapotei wala hasahau (Twaha, 51–52). Kuhusu daraja ya babu yako mbele ya Mwenyezi Mungu, nami sina jibu zaidi ya hilo.

Lakini kumwachia Mungu mtu si kukihalalisha kitendo chake, na hapo ndipo wajomba zako wanapochanganya mambo. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao akiwa ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na wengi walioteremshwa pwani na misafara walikuwa watu huru waliotekwa vijijini kwao. Utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, ila uharamu wa kumuuza mtu huru haukuwasubiri Waingereza.

Tena, hao sita nao waliishi wakati huo huo. Katika picha ya karatasi uliyonitumia, jina la Faida limepigwa mstari wa wino, na pembeni pameandikwa “kafa njiani”. Tukisema watu wa zama zile hawakuona ubaya, Faida tumemhesabu wapi?

Kilichofichika ni hali ya babu mwenyewe: alijua walivyopatikana, au aliambiwa ni mateka wa vita akaamini? Alitubu kabla ya kufa? Sheria inauzingatia udhuru wa asiyejua. Asiyetaka kujua ni mwingine, na kuwatenganisha wawili hao kunahitaji kuuona moyo, jambo ambalo mufti hana. Mtume (s.a.w.) naye amekataza kuwatukana wafu, kwani wamekwishayafikia waliyoyatanguliza.

Mwombee, ndiyo. Alikufa Muislamu, na mwenye makosa ndiye mwenye haja ya maghufira. Dhambi yake, kama ipo, hukuirithi.

Karatasi msiichome. Suratu Nnisaa, aya ya 135, inatuamrisha kuwa mashahidi wa haki hata dhidi ya wazazi na jamaa zetu. Huku mwambao mpaka leo utasikia posa imekataliwa kwa minong’ono kwamba bibi wa fulani alinunuliwa, huku aliyemnunua hasemwi. Akija mjukuu wa Mabruki, aliye wa pili katika orodha ile, kuulizia ukoo wake, mfungulie kasha aisome mwenyewe.