Msisaini mkataba wa mfumo wa kujifunzia kabla hamjaitoa kozi yenu na kuirudisha kwingine

Mleta mada, umeuliza ni mfumo upi wa kujifunzia mtandaoni unaofaa chuo chenu chenye wanafunzi wapatao 400, ukaomba ulinganisho wa bei, programu za simu na vikao vya video, kisha mwishoni ukagusia kwamba kuna kampuni inayowapa mwaka wa kwanza bure mkisaini mkataba wa miaka mitatu kabla ya Ijumaa. Nitajibu hilo la mwishoni, kwa sababu ndilo litakalowagharimu. Msisaini Ijumaa.

Nilikuwa mratibu wa masomo ya mtandaoni katika chuo cha afya kilichoingia mkataba wa aina hiyohiyo. Wakati wa kuingia kila kitu kilikuwa rahisi. Mkataba ulipokaribia kwisha, bei ya kila mwanafunzi, ambayo iliandikwa kwa dola, ilipandishwa, na uongozi ukaamua tuhamie Moodle, mfumo mwingine wa kujifunzia, kwenye seva yetu wenyewe. Tulipoomba data zetu tulipewa folda ya mihadhara ambayo majina ya mafaili yake yalikuwa yamegeuzwa namba, pamoja na orodha ya alama za mwisho katika PDF. Benki ya maswali ambayo wakufunzi waliijenga muhula baada ya muhula, ikiwa na majibu sahihi, mrejesho kwa mwanafunzi na uzito wa kila swali, haikutoka. Kazi za wanafunzi na maoni ya wasahihishaji havikutoka pia. Kampuni ilitueleza kwamba kutoa data ni huduma nyingine yenye bei yake.

Kilichofuata sitaki mkione. Wakufunzi wa famasia na uuguzi walikaa wakinakili maswali kutoka kwenye skrini, moja baada ya jingine, na baadhi yake yalikuwa maswali ya kukokotoa dozi, ambamo nukta ya desimali ikihama nafasi moja tu mwanafunzi anafundishwa kumpa mgonjwa dawa mara kumi ya anayostahili. Kila swali lililonakiliwa lilipaswa kuhakikiwa upya na mtu wa pili. Wakati huohuo, wanafunzi waliokata rufaa ya alama hawakuweza kuonyeshwa kazi zao, kwa kuwa kampuni ilifunga akaunti zote mara mkataba ulipoisha. Ni sawa na mpangaji anayeambiwa siku ya kuhama kwamba vitanda na makabati aliyonunua mwenyewe ni mali ya mwenye nyumba.

Aliyetufikisha hapo ni mshauri mwelekezi aliyelipwa na chuo ili atathmini mifumo. Katika jedwali lake, kwenye kipengele cha kuhamisha data, aliupa mfumo ule alama zote, na sababu aliyoandika ilikuwa kwamba unakubali SCORM, kiwango cha kufungasha masomo ya mtandaoni. Baadaye tulibaini kwamba alikuwa akipokea kamisheni kutoka kwa muuzaji. Bado nina hasira naye, kwa sababu mtu wa taaluma hiyo hawezi kusema kwamba hakujua tofauti. SCORM, ambayo toleo lake la 1.2 lilitolewa mwaka 2001 na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, inaeleza jinsi kifurushi cha somo kinavyopakiwa na kinavyowasiliana na mfumo: mwanafunzi amefika wapi, amemaliza au la, amepata alama ngapi. Haikuundwa kubeba benki ya maswali, kazi zilizokusanywa wala daftari la alama. Kwa hiyo muuzaji akikujibu kwa neno SCORM unapomuuliza juu ya kutoka, hajakujibu.

Wala usiseme kwamba ninyi hamtahama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitumia Blackboard, mfumo wa kibiashara, kabla ya kwenda Moodle. Waliokuwa kwenye WebCT, mfumo mwingine wa aina hiyo, walijikuta mwaka 2006 chini ya Blackboard, iliyoinunua kampuni hiyo. Walimu wa nchi nyingi waliozoea Edmodo, jukwaa la kufundishia mtandaoni ambalo walikuwa wakilitumia bila malipo, waliambiwa wapakue vitu vyao kwa sababu huduma ingefungwa tarehe 22 Septemba 2022, na kweli ikafungwa.

Basi fanyeni jaribio hili kabla ya kuzungumzia bei. Chukueni kozi moja halisi, si ya maonyesho, yenye maswali ya kuchagua, ya kuoanisha na ya namba. Wanafunzi wachache wafanye zoezi na kukusanya kazi, mkufunzi asahihishe na kuandika maoni. Kisha mtu wenu, bila fundi wa kampuni kumshika mkono, aitoe kozi hiyo nzima na kuirudisha katika usakinishaji mwingine, halafu mhesabu kilichofika. Moodle ni programu huria tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2002, na inaweza kusimikwa hata kwenye kompyuta ya mezani kwa ajili ya jaribio. Faili lake la nakala rudufu hubeba kozi, maswali na, msimamizi akichagua, kazi na alama za wanafunzi, ingawa halirudishwi kwenye toleo la zamani kuliko lililolitengeneza. Canvas, mfumo mwingine wa kujifunzia, hutoa kozi katika Common Cartridge, muundo sanifu wa kubebea kozi, na maswali katika QTI, muundo sanifu wa kubebea maswali, lakini kazi za wanafunzi hazimo humo na alama hutolewa kivyake. Hakuna mfumo unaotoa kila kitu kikiwa kizima, na ndiyo maana mnapaswa kuona wenyewe kinachobaki nyuma mngali na uwezo wa kukataa.

Kuhusu simu, programu ya Moodle humwezesha mwanafunzi kupakua somo na kulisoma bila bando. Kwa vikao vya video, BigBlueButton, programu ya madarasa ya video mtandaoni, inaunganishwa na mifumo mingi. Hayo yanarekebishika hata katikati ya mwaka.

Leo mwandikieni muuzaji kwa barua, si kwa simu, mkimtaka aweke ndani ya mkataba miundo ya mafaili atakayowapa mkiondoka, kwamba hatawatoza kwa kazi hiyo, na kwamba akaunti zitabaki wazi kwa kusoma hadi rufaa za matokeo ziishe. Akikataa, mmeokoa miaka mitatu. Akikubali, mwombeni asogeze tarehe, na jaribio lifanyike mbele ya mkufunzi mwenye somo, kwa kuwa yeye ndiye atakayetambua swali lililopotea.