"Run out": chumvi imeisha, au umeishiwa chumvi?

Anayezungumza Kiswahili ana bahati na "run out". Tofauti inayowasumbua wanafunzi wengi anayo tayari mdomoni: kuisha na kuishiwa.

Mpishi wa Ujiji akikuta kopo tupu husema "chumvi imeisha". Kitu ndicho kimetangulia, basi ni "The salt has run out". Akisema "nimeishiwa chumvi", mtu ametangulia, na hapo lazima "of" iingie: "I have run out of salt". Ukiandika "The salt has run out of", msomaji anabaki akingoja: imeishiwa nini? "Of" huachwa pale tu kitu kimeshatajwa. Mteja akiulizia dagaa pale Kibirizi, muuzaji atajibu "Sorry, we've run out", inatosha.

Tatizo ni ile -wa ya kuishiwa. Inawavuta watu waandike "I was run out of petrol". Kiingereza hapa hakitaki kauli ya kutendwa. Andika "I ran out of petrol". Na umbo lake ni run, ran, run: baada ya "have" au "has" inarudi "run". "I have ran out" utaisikia hata kwa Waingereza wenyewe, ila kwenye mtihani inakatwa.

Nyakati nazo zina uzito wake. Nahodha wa boti ya Gombe akisema "We're running out of petrol", mafuta bado yapo ila yanapungua, na anaweza kugeuza. Akisema "We've run out", injini imezima, tafuteni kasia.

Muda, subira na mawazo hufuata kanuni ileile: "I'm running out of patience". Pasipoti na mkataba ni tofauti kidogo, maana kinachoisha ni muda wake. "My passport runs out in June": kitabu bado unacho mkononi, lakini usiseme "I run out of passport".

Mwisho, tazama kinachofuata. "He ran out of the house" si kuishiwa nyumba. Ametoka mbio, kwa kuwa baada ya "of" pametajwa mahali. Na "He ran out on his wife" ni kwamba amemtelekeza mkewe.