Shinikizo halishuki

Swali: Tulifungua chombo chetu cha plazma (gesi yenye chaji za umeme) kubadilisha dirisha. Tangu jana pampu ya kutoa hewa inafanya kazi, lakini shinikizo limegoma kushuka. Kinavuja?

Jibu: Angalia kwanza kichanganuzi cha gesi, kifaa kinachotambua gesi zilizobaki chomboni kwa uzito wa molekuli zake. Uzito wa 18 ukitawala, hayo ni maji yaliyong'ang'ania kutani chombo kilipokuwa wazi. Ikiwa 28 (nitrojeni), 32 (oksijeni) na 40 (argoni) zimepanda pamoja, hewa inaingia. Pulizia heliamu kwenye viungo, ukianzia dirisha jipya; panapovuja, kichanganuzi kitaionyesha heliamu hiyo.

Maji dawa yake ni joto. Chombo cha chuma cha pua chenye gasketi (pete za kuziba viungo) za shaba kipashe hadi nyuzi 150, pampu zikiendelea, siku kadhaa. Pandisha taratibu, tafadhali: vioo hupasuka. Gasketi nyingi za mpira hazivumilii joto hilo.

Safari ijayo jazeni nitrojeni kavu kabla ya kufungua, na msiguse ndani bila glavu.