Muulize Mjomba: Je, magoti yangu yatafika Vat Phou?

Swali: Shikamoo Mjomba. Nina miaka 54. Binti yangu amepata likizo na hataki kusikia lolote ila twende Laos, tukaone hekalu la kale la Kihindu liitwalo Vat Phou, ubavuni mwa mlima. Nimeona picha, ngazi zimesimama kama ukuta, na goti langu la kushoto ni bovu. Tena ndani ya hekalu nimeona sanamu za Buddha. Sasa ni la Wahindu au la Wabudha? Na sisi wa dini nyingine tunaingia?
*Mama Goti*

Jibu: Marahaba mwanangu. Nenda. Ila nenda asubuhi na mapema, na usishuke kabla hujaiona chemchemi.

Nakuhimiza hivyo kwa sababu mimi siku ya kwanza sikuiona. Nilifika saa sita mchana, mwezi wa Aprili, ambao kule ndio wenye joto kali kuliko yote. Chupa ya maji nimeisahau chumbani. Nikapanda nahema kama mvukuto wa mhunzi, nikafika juu, nikageuka kulitazama bonde la mto Mekong, nikapiga picha mbili tatu, nikashuka zangu. Jioni mama mwenye nyumba ya wageni akanionyesha kwa ishara, anajimwagia maji ya kudhania utosini, kama anayeuliza: umenawa? Nikabaki namtazama tu. Kesho yake nikarudi.

Mambo yote pale yanaanzia juu, kwenye mlima wenyewe. Unaitwa Phou Kao, una urefu wa takriban mita 1,400, na kileleni umeota jiwe la asili lililosimama wima kama nywele zilizofungwa fundo. Watu wa kale waliliona jiwe hilo kuwa linga, alama ya mungu Shiva, na mlima wakauita kwa Kisanskriti Lingaparvata, yaani mlima wa linga. Chini ya jabali, maji yanachuruzika mwaka mzima. Basi wajenzi wakajenga chumba cha matofali chini ya mwamba, wakaweka linga ndani yake, kisha wakatega mfereji wa mawe kutoka kwenye chemchemi ili maji ya mlima yalioshe linga hilo bila kukoma. Hapo ndipo penye kiini cha hekalu. Ngazi, majumba mawili ya mawe kule chini na mabwawa makubwa ya mstatili vilikuja kupangwa kwenye mstari mmoja kuelekea mashariki, mtoni.

Linga halipo tena, na chumba kile cha matofali, cha nyuma, ni kitupu. Kuanzia karne ya 13 hivi Ubudha ulishika nchi, na sanamu ulizoziona pichani zimekaa katika chumba cha mbele, kile cha mawe ya mchanga. Kwa hiyo lilijengwa la Wahindu, na leo wanaosali humo ni Wabudha. Mwezi mpevu wa mwezi wa tatu wa kalenda yao, mara nyingi Februari, mahujaji hujaa pale kwa siku kadhaa. Ukipenda utulivu, usiende siku hizo. Ukipenda watu, usizikose.

Dini yako hakuna atakayekuuliza. Funika mabega na magoti (hata hilo bovu), vua viatu kabla ya kuingia kwenye sanamu, ukikaa usizielekezee nyayo, na usimguse mtawa. Mimi nilisimama pembeni kimya, sikufukiza ubani wala kuinama, na hakuna aliyenikodolea macho.

Tuje kwenye goti. Kutoka getini kuna vigari vya umeme vinavyokuvusha sehemu ya bwawa, kwa hiyo usizimalizie nguvu kwenye tambarare. Kisha ngazi. Sitakudanganya: ni za mawe, zimechakaa na kupinda kwa mizizi, vidato vingine vifupi, vingine vinafika katikati ya muundi, na hakuna pa kushika. Chukua fimbo. Bahati nzuri zimekatwa kwa vituo, na kila kituo kina kisingizio chake cha kupumzika. Kimoja kina sanamu ya mlinzi iliyovikwa kitambaa, ambayo wenyeji wanasema ni mfalme Kamatha, mwanzilishi wa hekalu katika hadithi zao. Kandokando imepandwa miti ya champa, yale maua meupe yenye moyo wa manjano ambayo Walao wameyafanya ua lao la taifa. Kaa chini ya mti. Binti atangulie, atakusubiri.

Kushuka ndiko kubaya zaidi. Shuka kwa upande, kama kaa.

Ukifika juu usiishie kwenye mandhari kama nilivyofanya mimi. Zunguka nyuma ya hekalu hadi kwenye mwamba. Utakuta watu wanakinga maji kwa chupa na kunawa vichwa. Nilinawa.

Swali: Mjomba, hivi Uhindu ulifikaje Laos? Wahindi waliivamia?
*Mwanafunzi wa Historia*

Jibu: Hapana, hakukuwa na vita. Wafanyabiashara na makuhani wa Kibrahmani walisafiri kwa pepo za msimu hadi pwani za kusini-mashariki mwa Asia, na wafalme wa huko wakaona ibada na maandishi yao yanafaa kuupa ufalme heshima. Karibu na Vat Phou palikutwa jiwe lenye maandishi ya Kisanskriti ya karne ya 5, la mfalme aitwaye Devanika, ambaye alipafanya mahali pale pa hija na kupaita Kurukshetra, jina la uwanja wa vita katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu. Yaani hakwenda India, aliihamishia India kwake! Majengo mengi unayoyaona leo ni ya baadaye, karne ya 11 hadi ya 13, enzi za wafalme wa Khmer waliojenga Angkor, mji wa mahekalu katika nchi ya leo ya Kambodia, na barabara ya kale iliyaunganisha maeneo hayo mawili. UNESCO iliiingiza sehemu yote, pamoja na mabaki ya mji wa kale kando ya Mekong, katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Swali: Mimi nilikwenda. Mawe tu. Mlitusifia nini?
*Aliyechoka*

Jibu: Pole. Lakini uliinua macho? Juu ya milango kuna Indra, mfalme wa miungu ya Kihindu, amempanda tembo wa vichwa vitatu. Nyuma ya hekalu, kwenye mwamba, wamechongwa miungu watatu wakuu wa Kihindu, Shiva, Brahma na Vishnu, pamoja. Na kuna mlango ambapo mungu Krishna anamchana vipande viwili mjomba wake, Kamsa. Huo niliutazama mara moja tu, nikaenda zangu.